Chuo Kikuu cha Umma Kinapopewa Ardhi au Nyumba: Mwongozo Kamili wa Kupokea, Kusajili na Kutunza

Msitu wa Mazumbai, kwenye milima ya Usambara Magharibi, ni mali ya chuo kikuu cha umma. Zamani ulikuwa mali binafsi ya familia ya Tanner, Waswisi waliokuwa na shamba la chai huko, na mwaka 1968 waliutoa kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kilipoanzishwa mwaka 1984, msitu ukahamia kwake. Ni hekta 320 hivi, na wanafunzi wa misitu na watafiti bado wanapanda huko kujifunza chini ya miti ambayo sehemu nyingi za Usambara imeshatoweka. Kenya nako, Chuo Kikuu cha Egerton kimesimama Njoro juu ya ardhi iliyotolewa na Lord Maurice Egerton, ekari 740 mwaka 1939, kwa ajili ya shule ya kilimo. Ardhi hiyo ilikuwa katika nyanda zilizotengwa kwa walowezi, na hisani ya baadaye haiifuti historia hiyo. Hata hivyo chuo kipo, na kimesomesha watoto wa watu wa rangi zote.

Zawadi za namna hii zinaendelea kuja. Tangu mradi wa HEET wa kupanua elimu ya juu Tanzania uidhinishwe na Benki ya Dunia mwaka 2021, kwa mkopo wa dola milioni 425, mikoa na wilaya nyingi zimekuwa zikitenga maeneo ili zipate kampasi. Wahitimu waliofanikiwa wanatoa viwanja. Maprofesa wastaafu wasio na watoto wanaacha nyumba. Vijiji vinatoa mamia ya ekari kwa mkutano mmoja.

Nimeandika mwongozo huu kwa maofisa miliki, wanasheria wa vyuo, wajumbe wa mabaraza ya vyuo, na pia kwa watoaji wenyewe, ambao mara nyingi hawaambiwi lolote baada ya kupigiwa makofi. Unafuata sheria za Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria zake za ardhi. Msimamo wangu ni huu: chuo kina uwezo mkubwa kuliko wote wa kuilinda zawadi kabla hakijaikubali. Kikishasema ndiyo, kazi inayobaki ni kulipia kile kilichosemwa.

Hatua ya 1: Pokea barua, ardhi ingoje

Habari ya zawadi hufika kwa njia yoyote. Mhitimu anampigia simu mkuu wa ndaki. Mjane anamwendea mhadhiri aliyekuwa rafiki wa marehemu. Kiongozi anatangaza jukwaani. Kwa wote jibu liwe moja: shukrani za dhati, na ombi la barua.

Barua hiyo ieleze mtoaji ni nani, mali iko wapi (kiwanja, kitalu, mtaa au kijiji), anaimiliki kwa karatasi gani, nani anaishi au analima pale kwa sasa, na angependa itumike kwa kazi gani. Ofisi moja tu ndiyo ipokee barua za aina hii, na ifungue jalada siku ileile. Makamu Mkuu wa Chuo ajibu kwa maandishi kwamba chuo kimepokea nia ya mtoaji, na kwamba mali itapokelewa baada ya uchunguzi na uamuzi wa Baraza la Chuo.

Katika kipindi hiki pasiwe na picha za kupeana mikono, bango wala jiwe la msingi. Sherehe ikishafanyika, hakuna mjumbe wa Baraza atakayethubutu kusema zawadi haifai, hata uchunguzi ukionyesha kwamba kiwanja kina kesi mahakamani.

Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, na Hati Idhini ya kila chuo (hati inayokianzisha), chuo chenyewe ni mtu kisheria anayeweza kumiliki mali. Kwa hiyo mali iandikwe kwa jina kamili la chuo kama lilivyo kwenye Hati Idhini. Isiandikwe kwa jina la idara, la mkuu wa ndaki, wala la chama cha wahitimu, hata kama wao ndio walioitafuta. Ndaki huunganishwa na wakuu hubadilika, na jina likishapotoka kwenye hati, kulirekebisha kunaweza kuchukua miaka.

Hatua ya 2: Jua mtoaji ana nini hasa cha kutoa

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi kuliko zote. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachotoa mtu ni haki yake ya kumiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo swali la kwanza ni miaka mingapi imebaki. Kiwanja cha hati ya miaka 33 kilichobakiza miaka 6 bado ni zawadi, lakini Baraza lijue kwamba kinakuja na kazi ya kuomba upya.

*Mali yenye hati miliki.* Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani za benki, zuio lililowekwa na mtu mwingine, na masharti ya matumizi. Nakala aliyonayo mtoaji mkononi haitoshi, kwa sababu rehani na zuio husomwa kwenye daftari la msajili. Linganisha namba ya hati, namba ya kiwanja na ramani ya upimaji. Kisha uliza kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, maana deni linaifuata mali.

*Mali yenye barua ya toleo tu (barua ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, kabla ya hati), au karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa.* Watu wengi mijini wanamiliki hivi, na si watu wabaya. Ila mtoaji akamilishe kwanza upimaji na hati, au chuo kikubali kwa maandishi kubeba gharama hizo. Karatasi ya mauziano huwa na mnyororo wa wauzaji nyuma yake. Ufuate mpaka mwisho, kila muuzaji na shahidi wake.

*Nyumba ya familia.* Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuitoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na mwenza apate nafasi ya kuongea na mwanasheria wa chuo bila mtoaji kuwapo chumbani. Mke anayekaa kimya sebuleni huku mumewe akieleza ukarimu wake anaweza kuwa na la kusema akipewa nafasi.

*Mali ya marehemu.* Watoto wakija na wosia wa baba, waulize kama msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama. Kabla ya hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuhamisha chochote. Wosia wenyewe uchunguzwe kwa sheria inayomhusu marehemu. Katika sheria ya mila ya mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, na wa asiyejua unahitaji wanne. Kwa Mwislamu, wasia kwa asiye mrithi hauzidi theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni, isipokuwa warithi waridhie. Hiba aliyoitoa akiwa katika maradhi ya mauti nayo huhesabiwa kama wasia. Kwa hiyo nyumba ambayo ndiyo mali pekee ya marehemu haiwezi kuwa ya chuo yote kwa maneno ya wasia peke yake.

*Wakfu.* Pwani, hasa katika miji ya kale, nyumba na mashamba mengi ni wakfu, na msimamizi wake anaweza kuwa amekaa nayo muda mrefu kiasi kwamba majirani wanamwita mwenye mali. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi hiba. Kama lengo la wakfu linaendana na elimu, chuo kinaweza kuzungumza na wasimamizi kuhusu kuitumia, lakini hayo ni makubaliano ya matumizi. Yasiitwe zawadi.

*Mgeni.* Kwa kawaida asiye raia hawezi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi. Mtoaji aliyechukua uraia wa nje, kama Watanzania wengi wa Marekani na Uingereza walivyofanya, anapaswa kwanza kufafanua hali ya mali yake kisheria.

Ardhi ya kijiji ina safari yake

Nimeitenga kwa sababu hapa ndipo penye hatari kubwa. Mwenyekiti na mtendaji wanasema “kijiji kimetoa ekari mia tano”. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Omba muhtasari wa mkutano mkuu pamoja na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Usome muhtasari huo kuona kama wafugaji, wanawake na vijana wa vitongoji vilivyoguswa walikuwepo, na walisema nini. Muhtasari usio na swali hata moja kutoka kwa mwananchi unanitia mashaka.

Ili chuo kipate hati miliki ya kawaida, ardhi inabidi ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, yaani ardhi ya umma isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Uamuzi huo ni wa Rais. Notisi huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kijiji hupewa muda wa siku 90. Kwa eneo lisilofika hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa pendekezo hilo. Likizidi hapo, mapendekezo ya kijiji yanakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Ekari 500 ni kama hekta 200, kwa hiyo fanya hesabu mapema ujue uko upande gani.

Kisha kuna watu ambao mashamba yao yamo ndani ya zawadi. Kijiji kinaweza kutoa ardhi yake ya akiba, lakini shamba la mtu lina mwenyewe, na mwenyewe analipwa fidia ya ardhi, mazao, majengo na usumbufu. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6, riba inaanza kuhesabika, na uthamini wenyewe hufa baada ya miaka 2. Nani anailipa? Kama ni halmashauri ya wilaya, ionekane kwenye bajeti yake. Ahadi ya mdomo kwamba wananchi wameridhia bure isikubaliwe kamwe. Chuo kinaweza kukaa mahali hapo miaka mia moja, na haifai watoto wa waliotoa mashamba wapite langoni wakikumbuka kwamba bibi yao hakulipwa.

Hatua ya 3: Nendeni kwenye ardhi yenyewe

Waende watu wanne: mpima ardhi, mthamini, mwanasheria na mtu wa idara itakayoitumia mali. Wafike asubuhi siku ya kazi, na warudi mara nyingine bila mtoaji.

Mpima atafute mawe ya mipaka moja baada ya jingine na kuyalinganisha na ramani kwa vipimo. Jiwe lisiloonekana liandikwe kwamba halionekani. Majirani wote waitwe, waonyeshe wanavyoujua mpaka, na wasaini fomu ya kukubaliana. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji awepo, lakini wa kusikilizwa zaidi ni jirani, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshtaki.

Angalieni makaburi. Kuhamisha makaburi kunaongozwa na sheria yake ya mwaka 1969 na kunahitaji kuongea na familia husika. Mara nyingi ni heshima zaidi na nafuu zaidi kuyazungushia uzio na kuwaachia ndugu njia. Angalieni vijito, bahari na mabwawa pia: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, na kiwanja kizuri cha ufukweni kinaweza kubakiwa na robo tu ya kujenga. Angalieni nyaya za umeme mkubwa, hifadhi ya barabara, njia za mifugo na njia za miguu ambazo watoto wa shule wanapita kila siku. Kisha muende ofisi ya mipango miji ya halmashauri kuona mchoro wa eneo, maana kiwanja kilichopangiwa makazi hakigeuki kuwa hosteli ya wanafunzi bila kubadilishwa matumizi.

Nyumba ikaguliwe na mhandisi: paa, nguzo, mfumo wa maji machafu, nyaya. Wapangaji waliomo wahojiwe. Mlinzi aliyeishi uani miaka kumi na mitano kwa ruhusa ya mzee asisahaulike. Sheria ya Ukomo inaweka miaka 12 kuwa mwisho wa kufungua madai ya ardhi, na mtu aliyekaa kimya muda mrefu anaweza kuwa na hoja mahakamani. Zaidi ya hayo, ni mtu mwenye maisha yake pale.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya gharama za miaka kumi

Andika karatasi moja yenye pande mbili. Upande mmoja weka thamani ya mali kwa mujibu wa mthamini aliyesajiliwa. Upande wa pili weka upimaji, hati, kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo, uzio, mlinzi wa usiku na mchana, bima, matengenezo, umeme na maji, kwa miaka kumi. Weka pia jina la fungu litakalolipa kila kitu. Kama hakuna fungu, andika “hakuna”, Baraza lione.

Novemba 2018 ilizinduliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China kwa dola milioni 40 hivi, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Ni zawadi kubwa na inatumika. Jengo la ukubwa huo, popote lilipo, lina ankara ya umeme, vipozea hewa, mifumo ya kuzima moto, na siku moja paa la kubadilisha, na mtoaji wa jengo kwa kawaida hatoi hivyo. Ndiyo maana ninashauri kila mtoaji aombwe, kwa adabu, kuambatanisha fedha za matunzo na mali anayotoa. Wengi hawakuwahi kufikiria jambo hilo, na wakielezwa wanaelewa haraka. Asiyeweza kutoa fedha anaweza kukubali sehemu ya mali ipangishwe ili kodi itunze nyingine.

Karatasi hii ikionyesha kwamba mali itakula zaidi ya inavyofaa, kataeni. Barua ya kukataa iwe ya heshima na ipendekeze njia nyingine, kwa mfano mtoaji aiuze mwenyewe na kutoa fedha kwa ufadhili wa wanafunzi. Shamba linaloachwa wazi lina hatari ya pili: masharti ya hati kwa kawaida hutaka uendelezaji ndani ya miezi 36, na anayeshindwa anaweza kubatilishiwa miliki. Chuo cha umma hakina kinga ya moja kwa moja dhidi ya hilo.

Hatua ya 5: Andikeni masharti yatakayodumu baada ya mtoaji kufa

Mkataba wa hiba ndio moyo wa zawadi. Mtoaji ana haki ya kutaka mali yake itumike kwa jambo fulani, na chuo kina wajibu wa kumwambia ukweli kuhusu kinachowezekana.

Lengo liandikwe kwa upana wa kutosha. “Kufundishia ufugaji wa nyuki” litakwama siku kozi ikifutwa. “Mafunzo na utafiti wa kilimo na misitu, na kama hayo hayawezekani, elimu nyingine ya karibu nayo kwa uamuzi wa Baraza baada ya kuwasiliana na familia ya mtoaji” litavuka vizazi. Mtoaji akitaka ardhi irudi kwake chuo kisipoiendeleza, muda uwe wa kweli kulingana na bajeti za umma. Iandikwe pia irudi kwa nani, kwa gharama ya nani, na majengo yaliyokwisha kujengwa yatahesabiwaje.

Jina nalo ni sharti. Fedha za Gandhi Memorial Academy ziliunganishwa na chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1950, na jina la Gandhi limebaki kwenye majengo yale mpaka sasa. Andikeni jina litakaa wapi, kwa muda gani, na nini kitatokea jengo likibomolewa au mwenye jina akipatikana na hatia ya jinai.

Mzee anayetoa nyumba yake lakini anataka kuishi humo mpaka kufa ana ombi la haki kabisa. Hapo mkataba useme nani anarekebisha paa, nani analipa ankara, kama anaweza kuishi na ndugu, na ndugu hao wataondoka lini baada ya msiba. Kuwatoa wafiwa siku ya arobaini ni ukatili. Miezi sita au mwaka ni muda wa kibinadamu, na uandikwe mapema mzee akiwa hai.

Yapo masharti yasiyokubalika hata mali iwe kubwa namna gani: nafasi za udahili kwa watoto wa mtoaji, ajira, zabuni, au kauli juu ya kinachofundishwa. Chanzo cha mali kikiwa na shaka, mwanasheria awasiliane na vyombo husika kabla faili haijafika Barazani.

Hatua ya 6: Baraza liamue, kisha hati ihame

Faili iende kwenye kamati ya mipango na fedha, halafu Baraza la Chuo. Uamuzi uandikwe wazi: mali gani, masharti gani, gharama kutoka fungu gani, ofisi ipi inawajibika. Msajili wa Hazina aarifiwe, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa mali za mashirika na taasisi za umma, na ridhaa yoyote inayotakiwa ipatikane kwa maandishi.

Uhamisho wenyewe unapita kwa Kamishna wa Ardhi kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Kwa hati miliki hutumika fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, zikiambatana na hati halisi, ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, stakabadhi za pango, picha na vitambulisho, ridhaa ya mwenza, na mkataba wa hiba. TRA nayo inatakiwa kutoa uthibitisho wa kodi. Iandikieni mapema mkiuliza kama hiba hii ina kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu, na nani atalipa. Ni aibu mtoaji kupata bili kwa ukarimu wake bila kuambiwa.

Kumbukeni kwamba kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho haukamiliki mpaka usajiliwe. Kuna mali ambazo vyuo vinaziita vyao kwa miongo, ilhali hati bado ina jina la marehemu. Warithi wakifika na hati mkononi, chuo kinabaki na picha za sherehe. Sasa ndipo sherehe ifanyike, hati mpya ikiwa mezani.

Hatua ya 7: Iingize kwenye vitabu

Mali iingie kwenye rejista ya mali ndani ya mwezi ule. Vyuo vya umma Tanzania vinaandaa hesabu kwa viwango vya kimataifa vya sekta ya umma (IPSAS), na mali iliyopatikana bure inaingizwa kwa thamani ya soko ya siku ya kupokelewa. Thamani ya sifuri kwa sababu hakuna fedha iliyotoka ni kosa ambalo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ataliandika. Taarifa ziingie pia kwenye mfumo wa serikali wa usimamizi wa mali.

Rejista iwe na safu mbili ambazo nyingi hazina: masharti ya mtoaji, na tarehe ya kumalizika kwa haki ya kumiliki. Hati halisi ikae kwenye kabati lisiloshika moto, nakala ya kidijitali mahali pengine, na daftari la kuitoa na kuirudisha lisainiwe.

Hatua ya 8: Lindeni mipaka kila mwaka

Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina ekari 1,625, na jiji limeizunguka pande zote. Uvamizi huanza kwa bustani ya mchicha, kisha kibanda, kisha msingi. Dawa yake ni ukaguzi wa kila mwaka: mtu anatembea mpaka mzima na picha zenye tarehe, anahesabu mawe, anaandika ripoti ya ukurasa mmoja. Mvamizi apewe notisi ya maandishi wiki ileile. Akipuuza, kesi ifunguliwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au mahakamani kulingana na thamani. Uzio wa miti, minyaa au mikonge, ni nafuu kuliko ukuta na unaonekana vizuri. Majirani waruhusiwe kupita kwenye njia zilizokubaliwa, kwani jirani anayetendewa vizuri ndiye atakayepiga simu akiona trekta la wageni.

Hatua ya 9: Ukipangisha, soma neno “asilimia” mara mbili

Zawadi ikitakiwa kuingiza fedha, njia ni kupangisha au ubia, kwa kufuata sheria za ununuzi wa umma na za ubia. Mfano unaojulikana ni Mlimani City, kituo cha maduka kilichofunguliwa mwaka 2006 na kampuni ya Turnstar Holdings ya Botswana kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mkataba wa miaka 50. Ardhi ile haikuwa hiba ya mtu binafsi, lakini maswali yaliyoulizwa na wakaguzi na wabunge kuhusu mkataba huo yanafaa kila mpangishaji. Asilimia ya chuo inahesabiwa kwenye mapato yote au kwenye yanayobaki baada ya gharama? Nani anakagua vitabu vya mpangaji, na chuo kinaviona lini? Kodi inapitiwa kila baada ya miaka mingapi? Mkataba ukiisha, majengo ni ya nani, na yatakuwa katika hali gani? Mpangaji akiweka rehani, benki inashika nini?

Hayo yote yawe yameandikwa kabla ya sahihi. Mapato ya mali ya hiba yaingie kwenye akaunti ndogo yenye jina la zawadi, yatumike kwa lengo la mtoaji, na ripoti itumwe kwa familia yake kila mwaka. Barua ya kurasa mbili yenye picha inatosha. Ndiyo inayomfanya mtoaji wa pili ajitokeze.

Hatua ya 10: Mali isipofaa tena

Mji unakua, kozi zinabadilika, jengo linazeeka. Kabla ya kuuza au kubadilishana, mwanasheria asome upya mkataba wa hiba. Mtoaji au warithi waulizwe kwa maandishi na wapewe muda wa kujibu. Kisha Baraza liamue, Msajili wa Hazina atoe ridhaa, mthamini apime upya, na mali iuzwe kwa zabuni ya wazi. Mtumishi wa chuo, mjumbe wa Baraza au ndugu wa karibu wa hao asiwe mnunuzi. Fedha zitakazopatikana zinunue mali nyingine au ziingie mfuko wenye lengo lilelile na jina lilelile, na rejista ionyeshe mnyororo huo kutoka kiwanja cha kwanza hadi mfuko wa sasa. Kama mkataba ulisema mali irudi, irudisheni kwa uhamisho uliosajiliwa, ikiwa imelipiwa pango mpaka siku ya makabidhiano, na jalada lake lifungwe likiwa na nakala ya hati mpya ya familia.